Jina la Thelathini na Mbili

Kwetu Vaucourt, ukimtaja Omer Delcambre, mtu wa kwanza utakayekutana naye atakupa habari ya mwandiko wake. Hatakuambia kwamba alipigana vita, maana wenzake wa rika lile wote walipigana. Wala hatakuambia kwamba alikaa miaka thelathini na minane kwenye mizani ya kiwanda cha sukari, akipima mikokoteni ya viazisukari iliyoletwa na matope yake. Atakuambia: yule mzee alikuwa anaandika, bwana, barua yake unaweza kuitia fremu ukaitundika ukutani. Kadi za harusi za kijiji kizima aliziandika yeye. Lakini mwaka ule wa 1968 Omer alikuwa na miaka sabini na minne, na mkono wake wa kulia ulikuwa unatetemeka kutwa nzima. Bakuli la kahawa alilishika kwa mikono miwili na bado akajimwagia kifuani.

Aliyefua mashati hayo ni Ghislaine Caudron, mpishi wa shule, jirani wa nyumba ya tatu. Kila siku akitoka kuwalisha watoto wa watu alipita kwa Omer na sufuria ya supu ya liki iliyofunikwa kitambaa.

"Baba Omer, leo umekunywa wewe au umelinywesha shati?"

"Shati lilikuwa na kiu, mwanangu."

"Basi kesho nalikaribisha mezani, wewe ukae kwenye kamba ya nguo."

Omer alicheka, na kila alipocheka naye roho ilimuuma, kwa sababu alijua kitu ambacho Ghislaine hakukijua.

Ghislaine alikuwa na miaka hamsini na mitatu na hajaolewa. Hakuwa mbaya wa sura wala hakuwa mvivu. Alikuwa binti wa Zéphyrin Caudron, basi. Kwenye uwanja wa kanisa letu pana jiwe la kumbukumbu lenye majina thelathini na moja ya vijana wa Vaucourt waliokufa vitani, na jina la Zéphyrin halimo. Kitabu cha siku cha kombania yake, Kombania ya Sita, kinasema kwamba tarehe kumi na tisa Oktoba 1915 aliacha lindo bila amri na kuhamia upande wa Wajerumani. Mkewe, Philomène, alibaki na mtoto wa miezi minane, hana pensheni, na pale kwenye kisima cha kijiji wanawake wakimpisha kama mwenye ugonjwa. Alikufa akiamini mumewe yuko Ujerumani, kanenepa, ana mke mwingine na watoto wengine. Ghislaine alilelewa na imani hiyo hiyo. Picha ya baba yake aliikata kwa mkasi akiwa na miaka kumi na miwili.

Sasa nikuambie kabisa, tusizungushane. Maneno yale ya kitabuni aliyaandika Omer kwa mkono wake. Na yalikuwa uongo.

Utauliza kwa nini alinyamaza miaka hamsini na mitatu. Hata mimi nimeuliza, tena kwa hasira. Kapteni wa kombania ile, Rosvillers, alikuwa mwana wa mwenye kiwanda cha sukari. Vita vilipokwisha Kapteni alirudi kukaa kwenye kiti cha baba yake, na Omer akarudi kukaa kwenye mizani, chini ya dirisha lake. Mwaka 1919 Philomène alikuja hadi mlango wa kibanda cha mizani, amembeba Ghislaine mgongoni, akamwambia, "Omer, wewe ulikuwepo. Niambie kwa kinywa chako." Na Omer, huku akiangalia kalamu yake, alisema, "Kilichoandikwa ndicho kilichotokea, Philomène." Nenda kamhukumu ukitaka. Yeye mwenyewe alikwisha kujihukumu, lakini hilo halikumsaidia Philomène hata kidogo.

Kapteni alikufa Februari ya mwaka huo wa 1968, kitandani kwake, akiwa na mapadri wawili. Mwezi Agosti tangazo likabandikwa kwenye mlango wa ofisi ya meya: kwa ajili ya miaka hamsini tangu vita viishe, jiwe litasuguliwa na herufi zitachongwa upya. Aliye na jina la kuongeza alete ushahidi. Ushahidi huo utapimwa na Bwana Maillard, mwanahistoria wa chuo kikuu, ambaye anaandika kijitabu cha Vaucourt na kukusanya maneno ya wazee. Fundi wa mawe atakuja Oktoba, akiondoka ameondoka. Jiwe halitaguswa tena labda miaka hamsini mingine.

Omer alilisoma tangazo lile mara tatu. Akaona huu ndio mlango, na hautafunguka tena akiwa hai. Alipanga hivi: kwanza atamwambia mwanahistoria, jina likubaliwe, na siku litakapokubaliwa ndipo amweleze Ghislaine. Alitaka habari mbaya ifike imeshikana mkono na habari njema. Ni woga, najua. Lakini mtu mwoga naye hupanga mambo kwa kadiri ya uwezo wake.

Maillard alikuja siku ya Jumanne na kinasa sauti kizito kama mashine ya cherehani. Nilitaka sana kumchukia kijana yule, nimeshindwa. Alikuwa hajafika miaka thelathini, suruali ya kodrai, ndevu hazijakolea. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa kwa sababu aliona sakafu imepigwa deki. Alisikiliza vizuri. Alikuwa na maswali yake matatu ambayo hakuyaacha hata pale Omer alipokuwa anasimulia habari za chawa: uliona mwenyewe au ulisikia? Ulikuwa umesimama wapi? Nani mwingine alikuwepo?

Omer alimweleza habari za handakini. Kwamba adui mkubwa alikuwa matope, Mjerumani alikuja nyuma yake. Kwamba mvua ikinyesha siku nne kuta za handaki zilikuwa zinaporomoka na mnazirudishia kwa koleo, na ndani ya udongo mnakuta mguu wa mtu wa mwaka jana, mnaugeuza upande mwingine mnaendelea. Supu ilitoka jikoni ya moto, ikafika mstari wa mbele imeganda mafuta juu, ikiwa mbebaji hakuanguka nayo. Panya walikuwa wanene hata paka wa kikosi aliomba uhamisho, walivyosema wenyewe kwa mzaha. Na yeye, kwa kuwa alichukuliwa kuandika kitabu cha siku ndani ya shimo la Kapteni, penye paa la magogo, wenzake walimwita Mke wa Kapteni.

"Walikuonea wivu?" Maillard akauliza.

"Mimi nilikuwa nakaa pakavu, mwalimu. Ungekuwa wewe ungenipenda?"

Kijana akacheka, na Omer akaona wakati ndio huu. Akasimulia.

Usiku wa kuamkia tarehe kumi na tisa Kapteni alitoka na doria hadi kwenye seng'enge. Asubuhi, ukungu umetanda, akagundua mkoba wake wa ramani kauacha nje huko, na ndani yake mna mchoro wa mahandaki yote ya kikosi. Makao makuu wangejua, cheo kingekwenda. Akamwita Zéphyrin, kwa sababu alikuwa mdogo wa mwili na kazi yake ya nyumbani ilikuwa kuzibua mifereji ya mashamba. Kutambaa ndani ya maji ulikuwa ugwiji wake. Akamwambia nenda kauchukue. Hakuna amri iliyoandikwa. Waliosikia ni watatu: Omer, mlinzi aliyeitwa Isidore Plouvier, na Zéphyrin mwenyewe.

"Alisema nini?" Maillard akauliza.

"Zéphyrin? Alisema, 'Omer, nishikie kiko changu, kisiloe.' Ukungu ukaondoka ghafla, yeye bado yuko nje. Nikasikia bunduki moja. Halafu nikasikia anaita."

Kinasa sauti kilikuwa kinazunguka. Omer alishika mkono wa kulia kwa wa kushoto ili usigonge meza.

"Kila siku saa nne kitabu kilikuwa kinapelekwa nyuma. Ilikuwa lazima kiseme kwa nini askari yuko nje ya handaki mchana kweupe. Kapteni akaniambia, andika: ameacha lindo bila amri, amehamia kwa adui. Nikaandika. Zéphyrin alikuwa bado anaita, mwalimu. Nilikuwa namsikia huku naandika kwamba amehama."

"Hakuna aliyekwenda kumchukua?"

"Mchana? Plouvier alitaka kwenda. Kapteni akamwekea bastola kifuani."

"Plouvier yuko wapi?"

"Alikufa wiki tatu baadaye. Yumo kwenye jiwe."

Maillard aliandika kidogo, kisha akauliza swali ambalo hakuwa amelitia kwenye yale matatu. "Jambo hili ulimweleza mtu kwa mara ya kwanza lini?"

"Leo," Omer akasema.

Kijana alisema tu kwamba atakwenda kwenye ghala la kumbukumbu za jeshi mjini Paris akakitazame kitabu chenyewe, na atarudi baada ya wiki tatu. Omer akampa mkono wa kushoto. Wiki hizo tatu alilala vizuri kuliko alivyolala tangu ujana, hata Ghislaine akamtania kwamba labda ana mchumba.

Maillard alirudi Jumatano ya mwisho ya Septemba, saa saba mchana, wakati Ghislaine yupo anaosha vyombo. Safari hii Omer hakumwomba Ghislaine atoke. Alikuwa na hakika. Alimwambia, "Kaa, mwanangu, kuna habari," na Ghislaine akafuta mikono kwenye aproni akabaki amesimama karibu na jiko.

Mwanahistoria akaweka mezani picha ya ukurasa wa kitabu. Ulikuwa mwandiko mzuri ajabu, umelala kidogo kulia, herufi kubwa zimepambwa mikia. Chini kabisa palikuwa na sahihi moja tu, ya Kapteni Rosvillers.

"Bwana Delcambre, nimekisoma kitabu chote, miezi kumi na minne. Nimekilinganisha na kitabu cha kikosi jirani, na daftari la hospitali, hata na ripoti za Wajerumani za upande wa pili, zile zilizosalia, maana za Oktoba ile hazipo. Idadi ya waliokufa, saa, hali ya hewa, hata siku mkate ulipokuja umeota kuvu. Sijakuta kosa hata moja. Sijawahi kuona kitabu kinachoaminika namna hii."

"Nilikuwa naandika kila nilichokiona," Omer akasema taratibu. "Isipokuwa siku ile."

"Ndiyo unavyosema. Lakini nielewe mimi. Nina karatasi ya siku ile ile, kwenye kitabu ambacho hakijawahi kusema uongo mahali pengine. Upande wa pili nina maneno ya miaka hamsini na mitatu baadaye, ya rafiki wa marehemu, na mashahidi wote wamekufa. Nimewahoji wazee mia moja na arobaini. Kuna mmoja alinisimulia shambulio zima huku analia. Nikaja kukuta siku hiyo alikuwa hospitali na matumbwitumbwi. Hakunidanganya. Alilisoma mahali, likamwingia."

"Mimi sijalisoma mahali. Niliandika mwenyewe."

"Jina lako halimo kitabuni popote. Kapteni peke yake ndiye aliyetia sahihi." Maillard alisema hivyo kwa huruma ya kweli, na huruma yake haikuwa na kazi yoyote. Akatoa karatasi nyeupe na kalamu ya wino. "Niandikie sentensi moja. Hii hapa ya kwanza, ya hali ya hewa. Kama mwandiko ni wako, angalau nitaandika kwamba karani mwenyewe amekana maneno yake. Hilo lina uzito. Nitampelekea meya."

Omer akaichukua kalamu. Akaandika. Ilichukua dakika mbili. Kilichotoka kwenye karatasi ni mikwaruzo, hata mtoto wa darasa la kwanza angekionea haya, na doa kubwa la wino mwishoni. Akajaribu tena akiwa amekandamiza kiwiko kwa mkono wa kushoto. Ikawa mbaya zaidi. Maillard akaangalia pembeni.

"Una kitu chochote ulichoandika zamani?"

Vitabu vya mizani kiwanda kilivichoma vyote walipoleta mashine. Kadi za harusi wenyewe walikwisha kufa, watoto wao wametupa. Hapo ndipo Ghislaine, ambaye alikuwa haelewi sawasawa mjadala ni wa nini ila ameona mzee wake anadhalilika, akasema, "Si kuna lile kopo la biskuti la mama yako, darini? Nililiona nilipopanda kufagia. Mna barua."

Omer hakukumbuka kopo lolote. Hakukumbuka barua yoyote. Mama yake aliwashia jiko karatasi zote alizokuwa nazo majira ya baridi ya 1917, yeye mwenyewe alimwambia hivyo. Lakini Ghislaine alikuwa keshapanda ngazi, na alishuka na kopo la bati lenye kutu, na ndani mlikuwa na rozari, meno ya kwanza ya mtoto, na barua moja tu.

"Haya, bwana mwalimu," Ghislaine akasema, amejaa fahari, akaifungua mbele ya dirisha. "Ona mwandiko wa Baba Omer. Si ni huu huu? Mikia ile ile." Na kabla mtu hajanyoosha mkono akaanza kusoma kwa sauti, kwa mbwembwe, kama anavyowasomea watoto orodha ya chakula. "'Oktoba 19, 1915. Mama mpenzi, mimi ni mzima, soksi zimefika. Mvua haijakatika. Nina habari mbaya ambayo nakuomba usimwambie Philomène mpaka apate barua ya serikali. Zéphyrin...'"

Akaendelea kusoma kwa macho tu. Omer alimwona midomo yake inavyokwenda, na hapo ndipo akakumbuka. Barua zote zilipita kwa Kapteni bila kufungwa. Yeye ndiye aliyezisoma, yeye ndiye aliyezigonga mhuri. Siku ile Kapteni alisimama mlangoni mwa shimo akamwambia, mwandikie mama yako leo hii, nataka niione. Alitaka kuhakikisha. Na Omer aliandika ili Kapteni aone, kisha akalisahau kabisa, jinsi mtu anavyosahau jambo asiloweza kukaa nalo.

"'Zéphyrin amehamia kwa Wajerumani asubuhi hii,'" Ghislaine akasoma, sauti imekauka. "'Nilimwona kwa macho yangu akivuka, mikono juu.'"

Maillard akainuka. Aliiomba barua ile kwa adabu, akaiweka kando ya picha, akavua miwani na kuivaa tena. Hapana shaka, mwandiko ulikuwa mmoja. Uso wa kijana ulikuwa umeingia damu. Wanahistoria wakikuta karatasi namna hiyo wanakuwa kama mtu aliyeokota pete.

"Hiyo niliandika ili Kapteni aione," Omer akasema. "Alikuwa anazisoma. Wewe unajua walikuwa wanazisoma."

"Najua walikuwa wanazisoma. Lakini Bwana Delcambre, mwandiko huu hautetemeki hata kidogo. Na barua hii ulikuwa umeisahau. Kama umeisahau hii, mimi nitajuaje umekumbuka yale?"

Palikuwa na majibu, Omer alikuwa anayaona, lakini kila alilolishika lilimrudisha kwenye karatasi zilizo mezani, na karatasi zote mbili alikuwa kaziandika yeye. Maillard akaomba ruhusa ya kuipiga picha barua. Ghislaine ndiye aliyemwambia piga, na kijana alipokwisha kuipiga akafungasha vitu vyake, akavaa viatu mlangoni, akaondoka ameinamisha kichwa.

Walibaki wawili. Ndipo Omer akamweleza, vibaya, kwa kurukaruka, mwisho kabla ya mwanzo: ramani, ukungu, bastola, saa nne. Alimwambia na habari ya mama yake kwenye kibanda cha mizani. Ghislaine alisikiliza akiwa amesimama vile vile, kitambaa cha vyombo mkononi.

"Mama alikufa anamlaani," akasema. "Wewe ulikuja mazishini."

"Nilikuja."

"Ulishika jeneza."

"Nilishika."

"Sasa nimwamini Omer yupi? Huyu wa barua mwenye miaka ishirini na mmoja, au huyu wa leo anayetaka kufa vizuri?"

Hakungoja jibu. Alichukua sufuria yake, ingawa supu ilikuwa bado imo, akatoka.

Fundi wa mawe alifika wiki ya pili ya Oktoba. Omer alikwenda uwanjani kwa fimbo, akakaa kwenye benchi siku nzima akimtazama. Siku ya pili akamsogelea. Fundi alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mgeni wa huku.

"Ukimaliza majina hayo, utaniongezea moja? Chini pale pana nafasi."

"Liko kwenye orodha?"

"Haliko."

"Mzee wangu, mimi ningeanza kuchonga ya kuombwa, hata mama mkwe wangu angekuwa jiweni sasa hivi," fundi akasema, akampa bia. Hakuwa na ubaya. Omer akainywa kwa mikono miwili. Jioni ya siku ya nne herufi zote zilitiwa dhahabu, majina thelathini na moja, na fundi akapakia ngazi zake.

Tarehe kumi na moja Novemba tulikusanyika sote. Bendera, tarumbeta, watoto wakiitikia "amekufa kwa ajili ya nchi" baada ya kila jina. Kijitabu cha Bwana Maillard kiligawiwa pale pale. Ukurasa wa arobaini na nne kulikuwa na barua nzima, imepigwa chapa kama ilivyo, na maelezo kwamba ni ushahidi adimu wa askari wa kawaida kuhusu mwenzake aliyetoroka. Kwa heshima, mwandishi aliongeza kwamba uzeeni Bwana Delcambre anasimulia tukio hilo kwa namna nyingine, jambo linaloonyesha jinsi urafiki na majuto yanavyofanya kazi juu ya kumbukumbu. Watu walimjia Omer mmoja mmoja kumpa pole na hongera. Meya alimpiga bega akamwambia, "Mzee, kumbe ulijaribu kumsitiri rafiki yako. Una moyo." Alijaribu kukataa. Wakaona ni unyenyekevu.

Ghislaine hakuonekana uwanjani. Tangu siku ya kopo alikuwa hajavuka kizingiti cha Omer. Supu aliiacha dirishani, anagonga kioo mara moja, anakwenda zake.

Alikuja Jumapili iliyofuata, baada ya misa, na koti lake jeusi. Hakukaa. Alisimama upande wa pili wa meza akashika ukingo wake.

"Nina swali moja, kisha naenda. Ulisema alikuwa anaita. Aliita mpaka saa ngapi?"

"Mpaka karibu saa saba."

"Aliita nini?"

Omer alijua kabisa lipi lingekuwa jibu jema. Angeweza kusema aliita Philomène. Angeweza kusema aliita jina la mtoto, maana picha yake alikuwa nayo mfukoni. Nani angembishia? Kila siku ya vita vile watu waliwaandikia wajane barua za namna hiyo, na yeye mwenyewe aliziandika nyingi kwa niaba ya Kapteni, na wajane wakazilalia chini ya mto mpaka zikachanika.

"Aliniita mimi," akasema. "'Omer, njoo. Omer, njoo.' Hakuita mwingine."

"Hata mama hakumwita? Hata mimi?"

"Hapana, mwanangu. Alijua mimi ndiye niliye karibu."

Ghislaine akaachia ukingo wa meza.

"Ungesema alituita sisi, ningejua unanidanganya," akasema. "Basi ni kweli."

Omer akalia. Alikuwa amengoja neno lile, kwa mtu yeyote, miaka hamsini na mitatu, na sasa limetoka kwa yule aliyestahili zaidi kulisema. Akanyoosha mkono wake wa kulia juu ya meza, unatetemeka, kumtafuta. Ghislaine aliutazama mkono ule, hakuushika.

"Yule mwalimu hakukuamini, na watu wote huko nje hawakukuamini, ndiyo maana wanakupa hongera," akasema. "Na mimi nilikuwa nakuja kila siku kwa sababu nami sikujua. Sasa najua ulichotufanyia. Nitamwambia Bi Odette wa posta awe anakuletea supu."

Akafunga vifungo vya koti lake, vyote, mpaka cha shingoni, akatoka na kurudishia mlango polepole.